Upasuaji wa sainasi: Utapata nafuu gani, na kwa dalili zipi?

JE, wewe ni miongoni mwa wale wanaoamka kila asubuhi pua imeziba, uso mzito, na koo limejaa makohozi yanayoteremka kutoka nyuma ya pua? Je, umenunua dawa za mafua mara ngapi tangu mwaka uanze, na kila mara unapomaliza vidonge hali inarudi pale pale? Ikiwa ndivyo, huenda unachougua si mafua hata kidogo.

Wakazi wa Kitengela na mji wa Kajiado wanaifahamu vyema hali hii. Kiangazi kinapokolea, upepo wa nyanda hizi hupeperusha vumbi kutoka barabara zisizo na lami, mashamba makavu na viwanja vinavyojengwa nyumba mpya. Malori ya kuelekea Namanga hayakomi, usiku na mchana. Viwanda vya saruji vya Athi River haviko mbali. Nako mashambani, katika manyatta, kina mama hupika kwa kuni ndani ya nyumba ambamo moshi hauna pa kutokea. Si ajabu basi kwamba neno "sainasi" limekuwa kwenye midomo ya watu wengi. Ukipiga chafya, ni sainasi. Ukiumwa na kichwa, ni sainasi.

Lakini kuna wale ambao kweli wana maradhi haya, wameyatibu kwa miezi au miaka bila mafanikio, na hatimaye daktari amewaambia wafanyiwe upasuaji. Mgonjwa wa aina hii hurudi nyumbani na swali moja kuu: "Nikiuza ng'ombe, au nikichukua mkopo wa chama ili nipasuliwe, nitapona?"

Hilo ndilo swali tunalolijibu leo. Kwa ufupi, upasuaji wa kisasa wa sainasi huwasaidia wagonjwa wengi, lakini hauondoi dalili zote kwa kiasi kimoja. Pua iliyoziba ndiyo hupata nafuu kubwa zaidi. Kuumwa na kichwa ni miongoni mwa dalili zinazopata nafuu ndogo. Na hata nafuu hiyo kubwa hudumu tu ikiwa mgonjwa ataendelea kuitunza pua yake baada ya kutoka hospitali. Ni vyema ukayajua haya kabla ya kuuza ng'ombe, si baadaye.

SAINASI NI NINI?

Kila mtu ana sainasi. Hizi ni nafasi zenye hewa zilizomo ndani ya mifupa ya uso. Ziko jozi nne: mashavuni, juu ya macho kwenye paji la uso, katikati ya macho, na nyuma kabisa ya pua. Ndani zimetandazwa utando laini unaotoa kamasi nyepesi. Utando huo una vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo husukuma kamasi pole pole kuelekea tundu dogo linalofunguka puani. Kamasi hiyo hunasa vumbi na viini, kisha ikamezwa bila wewe kujua.

Fikiria boma lenye mifugo wengi na lango moja jembamba. Lango likiwa wazi, mifugo hutoka asubuhi na boma hubaki safi. Lango likizibwa, wanyama husongamana ndani na samadi hujaa. Ndivyo ilivyo kwa sainasi. Utando unapovimba, tundu lenye upana wa milimita chache tu huziba. Kamasi hukwama ndani, hugeuka nzito, na utando huzidi kuvimba. Kwa baadhi ya watu uvimbe huo huzaa vinyama laini ambavyo hujaa puani kama zabibu.

Mafua ya kawaida huisha kwa siku saba hadi kumi. Madaktari huyaita maradhi haya sugu pale tu dalili zinapodumu kwa wiki 12 au zaidi. Dalili kuu ni nne: pua kuziba, kamasi nzito kutoka mbele au kuteremka kooni, maumivu au uzito usoni, na kupungua kwa uwezo wa kunusa. Mgonjwa huwa na angalau mbili kati ya hizo, na moja yazo ni lazima iwe pua kuziba au kamasi. Isitoshe, ni sharti daktari aone uvimbe, usaha au vinyama kwa kuchungulia ndani ya pua, au avione kwenye picha ya CT. Bila uthibitisho huo, usikubali kuitwa mgonjwa wa sainasi.

SI KILA KICHWA KINACHOUMA NI SAINASI

Hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Mwaka 2004, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 2,991 waliodai, au walioambiwa na madaktari, kwamba maumivu yao ya kichwa yalitokana na sainasi. Watu hao hawakuwa na dalili za maambukizi ya sainasi. Walipochunguzwa, asilimia 88 walikutwa na maumivu ya aina ya kipandauso.

Kipandauso huweza kuleta uzito juu ya macho, na hata kufanya pua ivuje na macho yatoe machozi. Kwa hiyo mgonjwa hushawishika kwamba tatizo liko puani. Dalili za kukufahamisha ni hizi: maumivu ya kupwita kama mapigo ya moyo, kichefuchefu, kuchukia mwanga na kelele, na vipindi vinavyokuja na kupita baada ya saa kadhaa au siku mbili tatu. Ikiwa hayo ndiyo yanayokusumbua, na pua yako hupitisha hewa vizuri, kupasuliwa sainasi hakutakufaa. Utatumia fedha zako na kichwa kitaendelea kuuma.

Vile vile kuna wale wenye mzio wa vumbi au chavua, ambao hupiga chafya mfululizo na kuwashwa pua na macho. Hao huhitaji dawa za mzio. Kuna pia ambao usaha wao hutoka upande mmoja tu na unanuka vibaya. Huyo na amwone daktari wa meno, kwani jino bovu la juu huweza kupitisha maambukizi hadi kwenye sainasi ya shavu. Na mtu ambaye pua imeziba upande mmoja tu na hutoa damu mara kwa mara asingoje. Achunguzwe haraka iwapo hana uvimbe wa hatari.

DAWA KWANZA, KISU BAADAYE

Daktari mwema hakimbilii kisu. Matibabu ya kwanza ni mawili, na yote hufanyika nyumbani: kuosha pua kwa maji ya chumvi, na kupuliza dawa ya steroidi puani kila siku. Dawa hii ya kupuliza haifanyi kazi kwa siku moja. Huhitaji wiki kadhaa za kutumiwa bila kuruka, na wengi huiacha mapema wakidhani haiwasaidii.

Namna ya kuipuliza nayo ina maana. Inamisha kichwa kidogo mbele, elekeza dawa upande wa nje wa tundu la pua na si kwenye ukuta wa katikati, kisha vuta hewa taratibu. Ukivuta kwa nguvu, dawa itaishia kooni.

Tahadhari na matone ya kufungua pua yanayouzwa madukani. Hufungua pua kwa dakika chache na kumpa mtu raha, lakini yakitumiwa zaidi ya wiki moja, pua huzoea na huziba zaidi kila dawa inapokwisha nguvu. Kuna watu ambao maradhi yao yamegeuka kuwa chupa yenyewe.

Na vipi kuhusu viuavijasumu, yaani antibiotiki, ambazo watu hununua bila kuandikiwa? Mwaka 2025 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa nchini Uingereza kwa wagonjwa zaidi ya 500 wenye sainasi sugu. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji. La pili lilipewa kiuavijasumu cha klarithromisini kwa miezi mitatu. La tatu lilipewa vidonge visivyo na dawa. Wote waliendelea kuosha pua na kutumia dawa ya kupuliza. Baada ya miezi sita, waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa kuliko makundi yale mengine mawili. Waliopewa kiuavijasumu hawakuwashinda waliopewa vidonge vitupu.

Funzo hapa ni mara mbili. Kwanza, kumeza antibiotiki wiki baada ya wiki kwa ajili ya sainasi sugu ni kupoteza fedha na kuvizoesha viini dawa. Pili, kwa yule ambaye ameosha, amepuliza dawa kwa miezi bila nafuu, na picha inaonyesha kweli amejaa, upasuaji una faida inayoonekana.

UPASUAJI HUFANYWAJE?

Zamani upasuaji wa sainasi uliogopwa, na kwa haki. Tangu miaka ya 1890, madaktari walikuwa wakichana ufizi wa juu na kutoboa mfupa wa shavu ili kusafisha sainasi. Njia hiyo ina majina ya Caldwell wa Marekani na Luc wa Ufaransa. Mgonjwa alivimba uso na mara nyingine alibaki na ganzi mdomoni.

Mabadiliko yalitoka mjini Graz, Austria. Huko Profesa Walter Messerklinger alichunguza kwa miaka mingi jinsi kamasi inavyosafiri. Aligundua kwamba vile vinyweleo vidogo daima huisukuma kamasi kuelekea tundu la asili, hata kama daktari ametoboa tundu jingine kubwa mahali pengine. Kwa hivyo kutoboa ukuta wa boma hakufai kitu ikiwa mifugo wamezoea lango la zamani. Dawa ni kulipanua lango lenyewe. Maarifa hayo, pamoja na vioo vya kuchungulia vilivyobuniwa na mwanasayansi Mwingereza Harold Hopkins, ndiyo yaliyozaa upasuaji wa endoskopi ulioenea duniani kuanzia miaka ya 1980.

Siku hizi daktari huingiza puani kijiti chembamba chenye taa na kamera, upana wake ni kama milimita nne, na hutazama kazi yake kwenye televisheni. Uso haukatwi. Huondoa vinyama na vipande vyembamba vya mfupa vinavyoziba njia. Aghalabu mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, kazi huchukua saa moja hadi tatu, na wengi huruhusiwa kwenda nyumbani siku hiyo hiyo au ya pili yake.

Kabla ya siku hiyo ni lazima upigwe picha ya CT, ambayo kwa daktari ni kama ramani. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba, kwa kuwa baadhi, kama aspirini, hufanya damu isigande upesi. Usifiche pumu, shinikizo la damu wala kisukari.

DALILI ZIPI HUPATA NAFUU?

Sasa tufikie kiini cha makala haya. Mwaka 2009, watafiti wa Marekani walikusanya matokeo ya tafiti 21 kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji huu, ili kujua kila dalili ilipungua kwa kiasi gani. Dalili zote zilipungua. Lakini hazikupungua sawa.

Pua kuziba: Hii ndiyo iliyoongoza kwa mbali. Ikiwa unalala mdomo wazi, unakoroma, na unaamka na koo kavu kwa sababu pua haipitishi hewa, una sababu nzuri ya kutarajia mabadiliko makubwa. Wengi husema usingizi mzuri ndio ulioanza kuwarudishia nguvu za mchana.

Maumivu na uzito usoni: Nafuu ni ya wastani. Ile hali ya mashavu kujaa na kuuma unapoinama hupungua kwa wengi.

Kamasi kuteremka kooni: Nafuu pia ni ya wastani. Usitarajie koo likauke kabisa. Kumbuka kwamba pua ya mtu mzima mwenye afya hutoa kamasi nyingi kila siku. Upasuaji haukomeshi kamasi, huipa njia tu.

Kunusa: Hapa nafuu ni ndogo na haitabiriki. Wenye vinyama puani mara nyingi hupata tena harufu, wengine kidogo, wengine hawapati. Jambo hili si dogo. Asiyenusa hatambui maziwa yaliyoharibika, wala mtungi wa gesi unaovuja jikoni. Ikiwa umepoteza uwezo wa kunusa, mtu mwingine wa nyumbani akague gesi, na usiwashe kiberiti ukiwa na shaka.

Kuumwa na kichwa: Hii nayo ilikuwa miongoni mwa dalili mbili zilizopungua kidogo kuliko zote. Sababu umeshaisoma hapo juu: vichwa vingi huuma kwa sababu nyingine kabisa.

Basi kabla hujakubali kisu, chukua daftari. Andika dalili hizo tano, na kila moja uipe alama kutoka 0 hadi 5, ambapo 0 ni kutosumbuka na 5 ni kusumbuka kupita kiasi. Madaktari wenyewe hutumia orodha ya aina hii yenye maswali 22 na jumla ya alama 110. Ikiwa alama zako kubwa ziko kwenye pua kuziba na uzito usoni, upasuaji unalenga mahali panapokuuma. Ikiwa alama kubwa iko kwenye kichwa pekee, rudi kwa daktari mzungumze tena. Jipime tena miezi mitatu baada ya upasuaji, kisha miezi sita. Daftari hilo litakuambia ukweli kuliko kumbukumbu yako.

WIKI ZA KWANZA NI NGUMU

Wagonjwa wengi huvunjika moyo katika siku za mwanzo. Walidhani wataamka wakipumua, kumbe pua imeziba zaidi kuliko awali. Usiwe na wasiwasi. Uvimbe, damu iliyoganda na magaga ni mambo ya kawaida baada ya kisu. Kwa siku chache utatoa kamasi yenye damu damu. Lala ukiwa umeinua kichwa kwa mito miwili.

Usipenge kamasi kwa wiki moja hadi mbili, au kadiri daktari atakavyokuagiza. Chafya ikikujia, fungua mdomo itokee huko. Usibebe mizigo. Hili nalisisitiza kwa kina mama wa Kitengela wanaonunua maji kwa mikokoteni: mtungi wa lita 20 na ubebwe na mtu mwingine kwa wiki mbili. Usiiname kupiga deki wala kufua. Usivute sigara, na usikae palipo na moshi wa kuni au wa mkaa. Ukisafiri kwa bodaboda au matatu, funika pua na mdomo kwa barakoa safi.

Wengi hurudi kazini baada ya wiki moja au mbili. Mfanyakazi wa mahali penye vumbi, kama vile machimbo ya mawe au mjengoni, huenda akahitaji muda zaidi. Muombe daktari akuandikie barua kwa mwajiri wako. Utando wa ndani huchukua wiki sita hadi 12 kupona sawasawa, na ni wakati huo ndipo nafuu halisi hujitokeza.

Katika kipindi hicho daktari atakuita kliniki mara kadhaa ili kuondoa magaga na kuhakikisha njia hazijashikana tena. Usizikose siku hizo kwa sababu unajisikia vizuri. Lango lililopanuliwa huweza kujifunga tena kwa kovu.

KUOSHA PUA NI KAZI YA MAISHA

Upasuaji hauondoi chanzo cha maradhi. Utando ule ule unaovimba kwa urahisi bado uko pale pale. Ndiyo maana mgonjwa hupewa maji ya chumvi na dawa ya kupuliza aendelee navyo. Kwa kuwa sasa njia ziko wazi, dawa huingia mpaka ndani, mahali ambapo hapo awali haikufika.

Katika ukaguzi uliofuatilia wagonjwa 3,128 waliopasuliwa England na Wales katika miaka ya 2000 na 2001, karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa amerudi kupasuliwa tena kufikia mwaka wa tano. Wenye vinyama na wenye pumu ndio wanaohitaji uangalifu zaidi.

Maji ya kuoshea hutengenezwa hivi. Chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika tatu hadi tano, kisha yaache yapoe kwenye chombo safi chenye kifuniko. Katika kila nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa. Tumia chupa laini ya kubinya au bomba kubwa la sindano lisilo na sindano. Inama kwenye karai, fungua mdomo, na upitishe maji taratibu katika tundu moja yatokee tundu la pili. Fanya hivyo mara moja au mbili kwa siku. Osha chombo na ukikaushe kila mara, na usihifadhi maji yaliyobaki zaidi ya siku moja.

Kuna makosa mawili ya kuepuka hapa kwetu. La kwanza ni kutumia maji ya kisima bila kuyachemsha, eti kwa sababu tayari yana ladha ya chumvi. Maji mabichi yakiingia puani huweza kubeba viini hatari, kikiwemo kimoja adimu ambacho hupanda hadi ubongoni na kuua. La pili ni kutia magadi, yale yanayotumiwa kupikia maharagwe au kulambwa na mifugo. Magadi ni makali mno kwa utando wa pua. Tumia chumvi safi ya mezani tu.

HATARI NI ZIPI?

Hakuna upasuaji usio na hatari. Sainasi zimepakana na macho na ubongo, na kinachozitenganisha ni mfupa mwembamba kama ganda la yai. Matatizo makubwa huwapata wachache, chini ya mtu mmoja kati ya 100, lakini ni vyema uyajue: kutokwa na damu nyingi, kuumia jicho, na kuvuja kwa maji yanayozunguka ubongo.

Rudi hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukiona lolote kati ya haya: damu mbichi inayotiririka bila kukoma; maji mepesi kama ya kunywa yanayodondoka tundu moja la pua, hasa unapoinama; macho kuvimba, kuona vitu viwili viwili au kuona giza; homa kali; au kichwa kuuma sana pamoja na shingo kukakamaa. Usingoje siku ya kliniki.

ANZIA WAPI?

Mkazi wa Kajiado anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu naye au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kajiado, na kuomba barua ya kumwona mtaalamu wa masikio, pua na koo. Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi ina kitengo cha maradhi hayo, na hospitali kadhaa za kibinafsi jijini hufanya upasuaji huu.

Kabla ya kutia sahihi, uliza maswali haya. Picha yangu ya CT inaonyesha nini? Nimetumia dawa za kutosha kwa muda wa kutosha? Ni dalili ipi unatarajia ipungue, na ni ipi huenda ibaki? Daktari, umeufanya upasuaji huu mara nyingi? Gharama yote ni kiasi gani, ikiwemo nusukaputi, picha, dawa na kliniki za baadaye? Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, italipa sehemu gani? Ombeni jibu hilo kwa maandishi. Na usisahau kuhesabu nauli ya kwenda na kurudi kliniki mara tatu au nne. Wengi hulipia kisu, kisha wakakosa nauli ya kufuatilia, na hapo ndipo kazi nzuri huharibika.

Ndugu msomaji, kuishi na pua iliyoziba miaka nenda miaka rudi si jambo la kuvumilia kimya kimya. Maradhi haya hukuibia usingizi, ladha ya chakula na nguvu za kazi. Lakini pia usikimbilie kisu kwa matumaini ambayo kisu hakikuahidi. Hakikisha kwanza ni sainasi. Tumia maji ya chumvi na dawa ya kupuliza kwa uaminifu. Ikishindikana, na daktari akaona kwa macho yake kwamba lango limezibwa, basi usiogope kulipanua. Na ukishapanuliwa, endelea kulifagia kila siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta.